Pole Si Fidia

Kuna neno moja katika Kiswahili chetu ambalo waajiri wengi wa mji huu wa Babati wamelidhulumu, nalo ni neno "pole". Pole ni neno jema. Tunampa mgonjwa, tunampa msafiri, tunampa hata mtu aliyejikwaa mbele yetu njiani. Lakini mtu aliyekatwa mkono na mashine akiwa kazini, akapewa bahasha ya laki tatu na kuambiwa, "Pole kijana, Mungu atakujalia," huyo hakupewa pole. Ameibiwa, na mwizi wake amemshika bega huku anamwibia.

Nasema ameibiwa kwa sababu haki yake imeandikwa. Nchi hii ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri walianza kuuchangia Julai 2015, nao ukaanza kulipa mafao Julai 2016. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria iliyotoka kwa Mwingereza, ambayo kwa ulemavu wa kudumu, hata uwe mkubwa namna gani, malipo hayakuzidi shilingi 108,000. Enzi hizo kumwambia majeruhi achukue bahasha aende zake kulikuwa na mantiki ya namna fulani, maana nauli ya kufuatilia ingemeza fidia yenyewe. Leo mantiki hiyo imekufa, ila bahasha bado zinatembea.

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea karatasi. "Mwalimu, nisomee hii," akasema, "wanataka mtoto aweke dole." Mwanawe alikuwa fundi wa kupasua mbao katika kiwanda kimoja hapa mjini, na msumeno ulikuwa umemkata mkono wa kulia juu kidogo ya kiganja. Karatasi ilisema amepokea shilingi 300,000 na hana madai mengine yoyote, sasa wala baadaye. Pale chini palichorwa kisanduku cha dole gumba la mkono wa kushoto. Aliyeiandika alikumbuka vizuri kwamba wa kulia haupo.

Hakuweka dole. Lakini tayari ilikuwa mwezi wa tisa tangu ajali, na sheria inampa majeruhi miezi 12 tu kuwasilisha madai yake. Mwajiri alipaswa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba. Hakutoa. Na hapa ndipo ndugu msomaji utakapoona kwa nini bahasha huja mapema na kwa upole mwingi: kila mwezi unaopita huku familia ikingoja "tajiri atusaidie tena" ni mwezi unaokatwa kwenye ile kumi na miwili.

Tulihangaika na vielelezo. Kijana alikuwa analipwa mkononi kila Jumamosi na kutia saini kwenye daftari la shule, daftari ambalo baada ya ajali halikuonekana tena. Wenzake watatu walishuhudia mkono ukianguka. Aliyekubali kuandika ni mmoja, na simlaumu yeyote kati ya wale wawili, wana watoto. Hatimaye madai yalipokelewa, madaktari wakampima na kukadiria ulemavu wake. Usipozidi asilimia 30 mtu hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi, hulipwa pensheni kila mwezi. Yeye alizidi.

Katika kufuatilia huko tukagundua jambo lililoniudhi kuliko hata ile karatasi. Mshahara wake ulikuwa 400,000. Kwenye kumbukumbu zilizopelekwa na mwajiri ulikuwa 150,000.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upande. Mfanyakazi hachangii Mfuko huo hata senti moja, wala haruhusiwi kukatwa. Ni mwajiri anayechangia, na kwa sekta binafsi kiwango, ambacho kilianza kwa asilimia moja ya mishahara, kimekuwa nusu asilimia tangu 2022. Nusu asilimia ya 400,000 ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Pale stendi haitoshi sahani ya wali nyama. Nusu asilimia ya 150,000 ni 750. Kwa hiyo bwana yule aliokoa shilingi 1,250 kila mwezi. Sasa geuza upande wa pili. Mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, hadi miezi 24. Asilimia 70 ya 400,000 ni 280,000. Ya 150,000 ni 105,000. Ili mmoja abakize 1,250, mwingine apoteze 175,000 kila mwezi, tena akiwa kitandani. Sijui uchoyo wa namna hii unaitwaje.

Wapo watakaoniambia kwamba kijana alikuwa mzembe. Nani alimtuma kusogeza mkono pale? Swali hili husemwa kwa sauti ya hekima, nalo ni la kijinga. Msingi mzima wa bima ya ajali kazini ni kwamba mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kosa la mwajiri. Wajerumani walilijua hilo nyumbani kwao tangu 1884, wakati wa Bismarck, ingawa walipokuja huku kutulimisha mkonge na kututandikisha reli waliisahau sheria hiyo melini. Tena bima hiyo inamlinda na mwajiri, asije akauza kiwanda kwa ajali ya siku moja.

Wengine husema watu watajifanya walemavu. Waende wakaone jinsi mtu anavyopimwa, kisha warudi tuzungumze.

Na anayeumia nje ya kazi, au akapigwa na kiharusi, au sukari ikamla mguu? Huyo si wa Mfuko wa Fidia. Kama ni mwanachama wa NSSF, ipo pensheni ya ulemavu kwa aliyepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kupata kipato. Masharti ni kuwa amechangia miezi 180, au walau 36, na kati ya hiyo 12 iwe ya karibuni kabla ya ulemavu. Soma tena sharti hilo la mwisho. Mwajiri anayekukata kila mwezi na asipeleke michango anakuvua pensheni ambayo hukujua kama umeivaa. Ndiyo maana nawaudhi vijana wote wanaonisalimia: baada ya marahaba nawauliza lini mara ya mwisho wameangalia taarifa ya michango yao. Wengi hucheka.

Bado hatujawataja wasiokuwa kwenye daftari lolote. Pale Mirerani, mkoani kwetu humu, maji yaliingia machimboni mwaka 1998, hewa ikakatika mwaka 2002, maji yakaingia tena mwaka 2008, na kila mara watu walikufa huko chini. Wengi wa wachimbaji wa tanzanaiti wamefanya kazi kwa kungoja mgawo wa mawe, bila mshahara. Asiye na mshahara utamkadiria asilimia 70 ya nini? Vumbi la mwamba nalo haliulizi mkataba kabla ya kuingia kifuani.

Na hapa mjini tuna bodaboda. Anaendesha pikipiki ya mtu, anapeleka hesabu kila jioni, akikosa siku mbili ananyang'anywa ufunguo. Nilimuuliza mwenye pikipiki nne, jirani yangu tunayeheshimiana, vijana hao ni waajiriwa wake au sivyo. "Mzee wangu, hao ni wafanyabiashara wenzangu," akanijibu. Nikamuuliza mwezi uliopita, yule aliyevunjika paja kwenye barabara ya Singida, alimchukuliaje. Akasema alikwenda hospitali akamwona, akampa pole.