Miguu Ikidhoofu, Badilisha Pigo la Gofu

Iwapo umelala kitandani majuma kadhaa kwa ugonjwa, misuli ya mapaja hunywea upesi. Kisha unarudi uwanjani ukitaka kupiga mpira kama zamani! Hapo ndipo mtu huanguka, na nyonga ikivunjika huenda balaa hiyo ikaushinda ule ugonjwa wenyewe.

Hata hivyo, sikubaliani na wale wanaomshauri mgonjwa auze fimbo zake. Abadilishe pigo tu. Kwa kawaida anayetumia mkono wa kulia huhamishia uzito mguu wa kulia anapoinua fimbo, kisha wa kushoto anapopiga. Miguu dhaifu haihimili hayo. Panua miguu kidogo, uzito ukae zaidi mguu wa mbele tangu mwanzo. Ikiwa huo ndio mbovu, ugawe sawasawa. Inua fimbo nusu, polepole, mabega na mikono ifanye kazi. Mpira hautafika mbali. Vumilia vicheko vya marafiki.

Mashimo 18 ni mwendo wa zaidi ya kilomita sita, kwa hivyo anza na machache au panda kigari. Si aibu. Casey Martin, Mmarekani mwenye ugonjwa wa mishipa ya damu mguuni, alipigania kigari mashindanoni hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki mwaka 2001.

Kwanza jipime nyumbani: inuka kitini mara tano bila kushika chochote. Ukishindwa, bado hujawa tayari. Fanya zoezi hilo kila siku, mtu akiwa karibu. Na ukiwa uwanjani, ukisikia kizunguzungu au kifua kubana, mpe kedi fimbo, keti, upelekwe hospitali.