Eddie Futch na mizani ya kocha: mikanda ama uhai wa mabondia?

Katika inchi ya Kongo, hata mtoto wa juzi amesikia habari ya Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman kwa KO katika raundi ya nane, kwenye stade ya 20 Mai ambayo leo inaitwa Tata Raphaël, na muji mzima ukaimba "Ali, boma ye". Lakini wachache wanajua jambo lililotokea miezi kumi na moja baadaye kule Manila, Ufilipino. Na wachache zaidi wanalijua jina la mzee aliyelifanya: Eddie Futch, kocha wa Joe Frazier.

Futch aliacha kazi mwaka 1998, akiwa na miaka 86. Alifariki Oktoba 2001 huko Las Vegas. Toka alipoondoka, wapenzi wa mchezo wa ngumi hawajaacha kubishana: je, alikuwa mkubwa kwa sababu ya mikanda aliyoleta, ama kwa sababu ya pigano moja ambalo mtu wake alishindwa? Ubishi huu si wa Wamarekani peke yao. Unagusa kila sale ya mazoezi huko Goma, Bukavu ama Lubumbashi ambamo mzee mmoja anafundisha vijana, na siku moja ataacha, na watu watauliza: alituachia nini?

Kwanza mikanda, maana wengi wanaanzia hapo. Futch alizaliwa mwaka 1911 Mississippi, akakulia Detroit. Alikuwa bondia wa uzito mwepesi, mwenye mbio hata Joe Louis, bingwa wa dunia wa baadaye, alipenda kufanya naye mazoezi. Lakini waganga walimkuta na kasoro ya moyo, na njia ya kuwa bondia wa kulipwa ikafungwa. Ndipo akawa mwalimu. Bingwa wake wa kwanza wa dunia alikuwa Don Jordan, mwaka 1958. Nyuma yake wakafuata wengi: Joe Frazier, Ken Norton, Larry Holmes, Michael Spinks, Alexis Argüello, Riddick Bowe. Hata Mike McCallum, ambaye mwaka 1988 alishindwa na mtoto wa Lubumbashi, Sumbu Kalambay, kabla ya kulipiza mwaka 1991, ni mmoja wa waliopita mikononi mwake.

Watu wanapenda kusema kwamba kati ya wanaume watano tu waliomshinda Ali katika ngumi za kulipwa, wane walifundishwa na Futch kwa wakati mmoja ama mwingine: Frazier, Norton, Holmes na Trevor Berbick. Ni kweli, lakini mwenye haki aongeze neno. Si kila mara Futch alikuwa kwenye kona siku ya ushindi. Holmes alipomshinda Ali mwaka 1980, kocha wake alikuwa Richie Giachetti. Na Frazier aliposhinda New York mwaka 1971, mkubwa wa kona alikuwa Yank Durham. Futch alikuwa msaidizi. Kuhesabu mikanda ya kocha kuna hatari hiyo: mkanda mmoja una mikono mingi nyuma yake.

Sifa yenye nguvu zaidi ni ile ya macho yake. Futch alimwangalia Ali sawa fundi anavyoangalia mashine. Aliona kwamba Ali akitaka kupiga ngumi ya kutoka chini kwa mkono wa kulia, mkono ule unashuka kwanza na shavu linabaki wazi. Akamwambia Frazier: wakati huohuo, tupa mkono wa kushoto. Katika raundi ya 15 mwaka 1971, mkono huo wa kushoto ulimlaza Ali chini mbele ya dunia nzima. Miaka miwili baadaye, kule San Diego, alimfundisha Norton asikimbie ngumi nyepesi ya Ali ya kushoto, bali aizuie kwa mkono wa kulia na kurudisha yake papo hapo. Norton alishinda, na Ali akatoka na taya lililovunjika. Futch hakuwa na uchawi. Alitazama, akafikiri, akaeleza kwa maneno machache ambayo bondia anaweza kuyakumbuka akiwa amechoka.

Sasa Manila. Ilikuwa tarehe 1 Oktoba 1975, katika joto kali, pigano la tatu la Ali na Frazier. Futch alikuwa amejitayarisha mpaka kwa mambo ya mwamuzi. Katika pigano la pili, Ali alikuwa akimshika Frazier shingo kila mara bila kuadhibiwa, kwa hiyo Futch aliwashawishi wakubwa wa Ufilipino wachague mwamuzi wa kwao, Carlos Padilla. Pigano likaenda raundi 14. Jicho la kulia la Frazier lilikuwa limevimba karibu kufungika, na la kushoto lilikuwa na ugonjwa wa zamani. Ngumi za Ali alikuwa hazioni tena zikija. Baada ya raundi ya 14, Futch alisema basi. Frazier alikataa, akataka kusimama. Mzee akamwekea mkono begani, akamwambia akae, na kwamba hakuna mtu atakayesahau kazi aliyoifanya siku hiyo. Zilibaki dakika tatu tu.

Hapo ndipo mabishano yanapokuwa makali. Wengine wanasema Futch alimnyang'anya Frazier ushindi. Wanakumbusha kwamba Ali mwenyewe alianguka ringini mara tu baada ya kutangazwa mshindi, na kwamba baadaye alisema siku ile alikaribia kifo. Inasemekana hata katika kona ya Ali kulikuwa na maneno ya kuacha. Kama Frazier angesimama tu, wanasema, labda Ali asingesimama.

Neno hilo linavuta moyo, lakini halisimami. Futch alikuwa haoni moyo wa Ali. Alikuwa anaona jicho la Frazier. Majaji wote watatu walikuwa wamempa Ali pointi nyingi zaidi, kwa hiyo Frazier angeshinda kwa KO peke yake, naye alikuwa hamwoni mtu wa kupiga. Na hata kama mtu angemnong'oneza Futch kwamba Ali anataka kuacha, swali lingebaki lilelile: ni dakika ngapi za mkanda zinatosha kulipa maisha ya baba wa watoto? Futch alikuwa amekaa katika mchezo huu miaka mingi na kujua kwamba watu wanakufa ringini. Frazier alikuwa na watoto nyumbani. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Frazier aliishi miaka mingine 36.

Lakini kumsifu mzee bila kumpima si heshima. Kuna mambo ambayo hayamsafishi kabisa. Miezi minane baada ya Manila, Frazier alirudi ringini kupigana na Foreman, akapigwa tena, na Futch alikuwa naye. Mwaka 1988 alimpeleka Michael Spinks mbele ya Mike Tyson, na pigano likaisha kwa sekunde 91. Riddick Bowe ndiye funzo lenye uchungu zaidi. Futch alimpokea kijana ambaye wengi walikuwa wamemkatia tamaa, akamjaribu kwa kumtuma akimbie mlimani alfajiri, kisha akaenda kuchungulia kwa siri kama kweli anakimbia. Bowe alikuwa anakimbia. Mwaka 1992 alimshinda Evander Holyfield na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Halafu nidhamu ikayeyuka, mwili ukanenepa, na mwishowe mzee akamwacha. Miaka michache baadaye, mawakili wa Bowe walieleza mahakama kwamba ubongo wake umeumia. Kocha mwema hawezi kumlinda kila mtu. Na kila kocha, hata mwema, anakula chakula kinachotoka katika mchezo unaopiga vichwa.

Kwa hiyo mizani ya kweli iko wapi? Labda iko kwa Freddie Roach. Alikuwa bondia wa Futch, kijana mwenye moyo mkubwa na ulinzi mdogo. Ilifika siku Futch akamwambia: acha, umepigwa vya kutosha. Roach alikataa. Akaendelea kwa mapigano mengine machache, baba yake akiwa kwenye kona, kisha akaacha. Leo Roach anaishi na ugonjwa wa Parkinson. Lakini alirudi kwa Futch kama msaidizi, akajifunza kazi, na baadaye akawa kocha wa Manny Pacquiao na mmoja wa makocha wanaojulikana zaidi duniani. Katika mtu huyo mmoja kuna hukumu mbili. Ya kwanza: mzee aliona hatari mapema, akasema, hata kama kusema kulimpotezea bondia. Ya pili: aliyekataa neno lake ndiye aliyeibeba elimu yake mbele. Mti hujulikana kwa matunda yake, na tunda la kocha si mkanda unaoning'inia ukutani. Ni mtu anayebaki na akili ya kufundisha mwingine.

Mashariki mwa Kongo, mizani hii si hadithi ya mbali. Goma inajulikana kwa makocha waliochukua vijana waliotoka katika vikundi vya silaha, wakawapa glavu mahali pa bunduki, bila mshahara, mara nyingi bila hata ringi ya kweli. Kocha wa namna hiyo akistaafu, hakuna mkanda wa dunia wa kuhesabu. Kuna kijana ambaye leo ni dereva wa moto, mwingine ana duka dogo, mwingine anafundisha watoto wa mtaa. Wakubwa wa mchezo wakimpima kwa medali, watasema hakuacha kitu. Watakuwa wamekosea kabisa.

Ila mizani hiyohiyo inamuuliza na yeye swali. Je, kijana wake akipigwa KO Jumamosi, Jumatatu anarudi mazoezini? Sheria za mchezo wa ridhaa zinataka apumzike angalau siku 30 asipigwe kichwani. Je, kuna daftari linaloandika nani aliangushwa, lini, mara ngapi? Kuna mganga karibu na ringi siku ya mashindano? Daftari ni bei ya vitumbua vichache. Kukosa pesa hakumzuii mtu kuandika, wala hakumzuii kusema basi.

Na watazamaji nao wana deni. Kocha akimtoa kijana wake kabla ya mwisho, ukumbi unamzomea, wengine wanamwita mwoga, wengine wanasema amekula rushwa. Wanaopiga kelele hizo hawatakuwepo miaka ishirini baadaye, mikono ya kijana itakapoanza kutetemeka na mama yake atakapomlisha kwa kijiko. Viongozi wa mchezo katika kila muji wangeweza kuanza na jambo dogo: kumsifu waziwazi, mbele ya watu wote, kocha aliyesimamisha pigano kwa wakati, sawa wanavyomsifu aliyeshinda.

Eddie Futch alifundisha mabingwa wengi, na majina yao yameandikwa. Lakini watu wakimtaja leo, wanaanza na siku aliyopoteza. Walisahau haraka nani alishika mkanda mwaka gani. Hawakusahau mzee aliyeweka mkono begani mwa mtu wake na kusema inatosha. Makocha wa Goma na Bukavu watakaopumzika kesho hawana haja ya Manila ili wapate sifa hiyo. Wanahitaji tu kusema neno lilelile siku itakapofika, na watu wa kwao wawe tayari kulisikia.