Taa Zilizoinama

Mkulima mmoja wa karibu na Runyenjes, mwenye Land Rover ya zamani aliyoachiwa na baba yake, alikuwa akirudi nyumbani usiku kutoka Chuka, amepakia magunia ya mbegu za viazi. Mteremko wa kuingia Mto Thuci ulipoanza alipunguza mwendo, kama impasavyo dereva aijuaye njia. Hata hivyo, kufumba na kufumbua, akaona mbele yake mkokoteni wa ndizi, na mtu ameushika kwa nyuma akiuzuia usimkimbie. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, akakata usukani kulia, na motokaa ikasimama ubavuni mwa mkokoteni pasipo kuugusa.

Watu wale wawili walinyamaza kitambo, kila mmoja akisikiliza moyo wake. Kisha mwenye ndizi akazunguka mbele ya motokaa, akazitazama taa, akauliza kwa upole, "Mzee, taa zako zatafuta nini chini? Umeangusha shilingi?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Taa zote mbili zilikuwa zikiwaka, lakini nuru yake ilimwagika karibu na bampa, ikaonyesha mashimo ya lami na vidole vya miguu ya mwenye mkokoteni, basi. Yaliyokuwa mbele zaidi yalikuwa giza tupu. Mkulima aliliona jambo hilo tangu miezi kadha, wala hakulidharau, kwani alikuwa amekwisha kununua balbu mpya mara mbili. Kosa lake lilikuwa lile la wengi: alidhani taa zimechoka, kumbe zimeinama tu.

Barabara ya kutoka Embu hadi Meru si njia ya kubahatisha. Mito mingi ishukayo kutoka Mlima Kenya huikata, na kila mto una bonde lake: mteremko, kona, daraja, kisha kupanda tena. Daraja la Nithi lajulikana nchi nzima kwa misiba; tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni hapo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Iliripotiwa kwamba breki ndizo zilizoshindwa, na haifai kuzitwika taa lawama isiyo yake. Lakini kona ni ile ile, na mtu aifikiaye usiku bila kuiona ilipo hana nafuu kubwa kuliko asiye na breki. Tena nchi ya mabonde huifupisha nuru hata ya taa zilizo sawa. Motokaa iwapo chini karibu na daraja, nuru hugonga mlima ulio mbele; ikifika kileleni, nuru hurukia mawinguni. Mwenye taa zilizoinama hupata hasara juu ya hasara. Jua nalo, kwa kuwa Meru iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na giza halikawii. Na katika miezi ya Juni hadi Agosti manyunyu na ukungu huongeza taabu upande wa Chogoria na Nkubu.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi, nayo yatisha. Taa ya Land Rover ya zamani ni ya mviringo, upana wake inchi 7, yaani karibu sentimita 18. Tuseme imekaa sentimita 80 juu ya ardhi. Ikiwa imepangwa vizuri, ukingo wa juu wa mwanga wake wa dimu hushuka sentimita 1 kwa kila mita 1 ya njia, na kwa hiyo huigusa ardhi baada ya mita 80. Sasa taa hiyo ilegee, kichwa chake kisogee mbele kwa milimita 7 tu, ambao ni unene wa kalamu ya risasi. Mwanga utashuka karibu sentimita 5 kwa kila mita, na kuigusa ardhi baada ya mita 16 hivi. Unene wa kalamu umekula mita 64 za barabara. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza hueleza kwamba motokaa iendayo kilomita 48 kwa saa katika njia kavu huhitaji mita 23 mpaka isimame, na iendayo kilomita 80 huhitaji mita 53. Basi mwenye kuona mita 16, hata akienda kilomita 48, atafika penye mkokoteni angali akikanyaga breki. Na hiyo ni motokaa nzima isiyo na magunia ya viazi nyuma.

Dawa alizozijaribu mkulima yule kwanza zafaa kutajwa, kwa sababu ndizo zinazojaribiwa kila mahali. Balbu za kawaida za aina ya H4 ni wati 60 kwa fulu na wati 55 kwa dimu. Yeye alinunua za wati 100. Balbu kama hizo huzichosha nyaya na swichi za motokaa ya zamani, huweza kuunguza soketi, na baada ya gharama hiyo yote humulika pale pale pabaya, kwa nguvu zaidi. Tena jicho likizoea weupe ulio karibu, giza la mbali hulionea kuwa zito kuliko lilivyokuwa. Dawa ya pili ilikuwa kipande cha mpira wa gurudumu, alichokichomeka nyuma ya kila taa upande wa chini ili zinyanyuke. Zilinyanyuka kweli. Usiku huo kila basi alilokutana nalo kutoka Runyenjes hadi Embu lilimpigia taa kwa hasira, maana alikuwa akiwamulika madereva machoni. Kumpofusha mwenzio kwenye kona ya daraja si matengenezo. Ni kuitoa ajali upande wako na kuipeleka upande wake. Baada ya juma moja la barabara ya vumbi vipande vile vilidondoka, na taa zikarudi kutazama chini.

Siku ya tatu baada ya mkasa wa mkokoteni, alikwenda mjini Embu kwa fundi mmoja wa jua kali, akataka balbu zenye nguvu kupita zile. Fundi, kijana mwenye maneno machache, hakwenda dukani. Aliweka kiganja juu ya kioo cha taa, akasukuma kidogo. Taa ikachezacheza kama jino la mtoto.

"Mzee, balbu ni nzima," akasema. "Hebu tuone kinachoishika taa."

Akaifungua pete ya nje. Taa ya namna hii hukaa ndani ya bakuli la chuma, nayo hushikwa na springi pamoja na skrubu mbili za kuipanga: moja huiinua na kuishusha, nyingine huipeleka kushoto na kulia. Skrubu hizo huingia katika vishikizo vidogo vya plastiki. Joto na miaka huikausha plastiki, na mtikisiko wa njia mbovu humaliza kazi. Upande wa kulia kishikizo kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Upande wa kushoto mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani bakuli lenyewe lilikuwa limeliwa na kutu. Hapana ajabu: mgongo wa bakuli hutazama gurudumu, na hupokea matope yote yarushwayo mvua inaponyesha.

"Yaani miezi yote hii nimenunua balbu kwa sababu ya kijiplastiki hiki?" mkulima akauliza, amekishika kiganjani.

"Ndiyo, Mzee. Na kutu."

Skrubu zilikuwa zimegandamana. Fundi asiye na subira angezikata kichwa. Huyu alizipaka mafuta, akaziacha, akanywa chai, akarudi. Bakuli lililoharibika lilibadilishwa kwa jingine lililotolewa katika Land Rover iliyokwisha kufa, likapakwa rangi ndani na nje. Vishikizo vipya vikatiwa, skrubu zikapakwa grisi. Kabla ya hayo yote alikuwa amekwisha kupima upepo wa magurudumu na kuchungulia springi za mbele, kwa maana motokaa iliyolala pua huziinamisha taa zake hata zikiwa zimeshikwa imara.

Motokaa za siku hizi hazina bakuli la chuma, lakini nazo huinama. Toyota Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, na ambayo katika Meru na Embu imebebeshwa watu na miraa kuliko mtengenezaji wake alivyowaza, taa yake ni boksi la plastiki lenye masikio ya kufungia. Sikio moja likivunjika kwa kugongwa kidogo sokoni, taa hulegea ingawa kwa nje yaonekana nzima. Gundi peke yake haidumu, yafaa kutiwa kipande cha bati na skrubu. Kioo cha plastiki kilichogeuka manjano hupunguza nuru vile vile, na mtu akadhani taa imeinama. Liko na jambo moja la kuchekesha. Motokaa nyingi za namna hii zina kidude cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0. Kazi yake ni kuzishusha taa mzigo unapoilemea motokaa nyuma na pua ikanyanyuka. Namba ikipanda, taa hushuka. Wengi hudhani kinyume chake, wakakizungusha hadi mwisho ili waone mbali.

Kazi ya mwisho haikufanyika kwa fundi, bali nyumbani, kwenye kiwanja cha kiwanda cha kahawa ambako ardhi ni sawa na ukuta ni mweupe. Jioni, giza lilipoanza, mkulima aliisogeza Land Rover karibu na ukuta, akapima kimo cha katikati ya taa, akapiga mstari wa makaa ukutani kwa kimo hicho hicho. Kisha akapiga mstari wa pili, sentimita 10 chini ya ule wa kwanza. Akairudisha motokaa nyuma mita 10, mtoto wake mkubwa akaketi penye usukani ili uzito wa dereva uwepo, dimu ikawashwa. Taa moja ilifunikwa kwa gunia muda mfupi wakati nyingine ikipangwa. Skrubu ya juu ilizungushwa polepole mpaka ukingo wa mwanga ukalala juu ya mstari wa chini, na ile sehemu ipandayo ikawa upande wa kushoto, penye watembeao kwa miguu. Motokaa iliyotoka nchi ya watu waendeshao kulia huipandisha nuru hiyo upande wa kulia, machoni pa wanaokuja, na hapo skrubu haisaidii. Hapana budi kubadilisha taa zenyewe.

Kesho yake aliipakia magunia kama kawaida yake ya siku ya soko, akairudisha mahali pale pale. Mwanga ulikuwa umepanda juu ya mstari kwa upana wa kiganja. Akazishusha taa kidogo, kwa kuwa safari zake za usiku ni za mzigo.

Karani wa kiwanda aliombwa radhi kwa ajili ya makaa ukutani, lakini hakuyafuta. Jumamosi iliyofuata motokaa nne za majirani zilipanga mstari uwanjani. Ya kwanza, pikapu ya kubebea maziwa, ilikuwa ikimulika paa la kiwanda. Ya pili, Probox, ilikuwa ikimulika majani chini ya ukuta, na mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa bisibisi mfukoni alipoambiwa akitazame kwanza kile kidude karibu na usukani. Kilikuwa kwenye namba 4.