Haki za binadamu: kijana wa Goma asingoje kasho ndipo azijue

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 45, inawapa viongozi wa serikali wajibu wa kufundisha raia katiba yenyewe na haki za binadamu. Hata askari na polisi wanapaswa kufundishwa. Kifungu cha 142 nacho kinataka sheria zijulishwe kwa Kifaransa na kwa lugha ine za taifa, Kiswahili ikiwemo.

Shuleni, somo la uraia liko. Lakini linatolewa kwa Kifaransa, na wanafunzi wengi wanalishika kichwani kwa ajili ya mtihani tu. Kijana anaweza kupata pointi nzuri bila kujua kama kifungu cha 18 kinakataza polisi kumuweka kasho zaidi ya saa 48 bila kumufikisha mbele ya mukubwa wa sheria.

Goma ina mufano wake. Mwaka 2012 vijana wa hapa walianzisha LUCHA, bila silaha na bila chama cha siasa. Waliuliza maswali ya kila siku: kazi iko wapi? Namna gani mji ulio kando ya ziwa Kivu unakosa maji, mama na watoto wakibeba bidoni kila asubui? Bei waliilipa. Februari 2016, sita kati yao walikamatwa wakitayarisha bango, na korti la rufaa likawapa miezi sita ya gereza.

Kwa hiyo wazazi wengi wanaogopa: kufundisha mtoto haki ni kumutuma kwenye hatari. Woga huo una sababu, zaidi tangu Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, na wanaharakati wengi wakakimbia.

Lakini kushiriki si kuandamana tu. Kuna mukutano wa kartie, ambako kijana anaweza kuuliza taka zinaenda wapi. Kuna kamati ya wazazi, ambako mahesabu ya feza za masomo yanapaswa kuonyeshwa. Kuna barua, yenye tarehe na kopi ya kubakia nayo.

Hapo ndipo masomo yanaweza kuanzia, kwa Kiswahili, nyumbani, kanisani, muskitini na redioni. Mwenye kujua kifungu cha 18 anaweza kukamatwa kama wengine, lakini yeye na jamaa yake watajua la kuuliza, na saa ya kuanza kuhesabu.