Ngannou hakubahatisha

Wanaosema Francis Ngannou alibahatisha kule Riyadh, Oktoba 2023, waitazame tena raundi ya tatu. Tyson Fury, bingwa wa ngumi wa WBC wakati huo, alikuwa anaingia kushambulia, konde la kushoto likamkuta njiani, akaenda chini. Ile ni shabaha, jamani! Na huyu Mkameruni, aliyechimba mchanga utotoni kwao Batié, alikuwa kwenye pambano lake la kwanza kabisa la ngumi za kulipwa. Majaji wawili walimpa Fury ushindi, mmoja akampa Ngannou 95-94. Mimi niko na huyo mmoja. Kweli, Machi 2024 Anthony Joshua alimzimisha raundi ya pili, tena vibaya sana. Iliniuma. Angepewa kwanza marudiano na Fury.