Mwendo wa Safari ni wa Aliye Dhaifu

  

Ndugu zetu katika imani, kila zinapokaribia likizo za shule za Juni na Desemba hutujia akina baba na akina mama kutushauri juu ya safari. Wengi katika wakazi wa Bara huazimia kuvuka bahari na kuwapeleka watoto Zanzibar, wakae siku mbili au tatu katika Mji Mkongwe. Hiyo ni azma njema. Qur'ani Tukufu imetuhimiza tutembee katika ardhi na tuzingatie mwisho wa waliotutangulia, na mtoto aliyeugusa ukuta wa ngome kwa mkono wake huielewa historia kuliko yule aliyeikariri darasani tu. Hata hivyo, maswali tunayoulizwa karibu yote ni ya aina moja: tutaona maeneo mangapi, na tutayamaliza vipi? Ni nadra kuulizwa ni nani katika familia atakayechoka kwanza. Sisi tunaona kwamba hilo ndilo swali linalotakiwa kutangulia, na tulilijua hilo baada ya kukosea.

Katika likizo ya Desemba ya mwaka 2014 tulivuka na familia yetu kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa na mama yetu mzazi, ambaye magoti yalikwisha kumsumbua, pamoja na mke na watoto wanne, mdogo wao akiwa na umri wa miaka mitano. Mfukoni tulikuwa na karatasi yenye maeneo 11 ya kutembelea kwa siku mbili, nasi tukijiona watu wa mipango. Ilipofika adhuhuri ya siku ya kwanza tulikuwa tumeshapita Ngome Kongwe, Kasri na Hamamni, na tunaharakia Mkunazini. Sisi tulikuwa mbele na karatasi mkononi, wavulana wakifuata, mke amembeba mdogo, na mama nyuma ya wote. Tulipogeuka, mama hayupo.

Tulirudi kichochoro baada ya kichochoro, moyo ukienda mbio, hata tukamkuta ameketi juu ya baraza ya nyumba ya watu, viatu amevivua, na mwanamke mwenye nyumba amempa maji ya kunywa. Akatutazama, akatuambia kwa upole: "Mwanangu, mmenileta kuuona mji au kuiona migongo yenu?"

Hatukuwa na jibu. Mama ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na safari ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwetu kuvuka bahari pamoja naye. Katika maeneo yote tuliyomkimbiza siku ile, alichopenda kukisimulia nyumbani ni baraza ile na mwanamke yule aliyempa maji.

Mtume (S.A.W.) alimuagiza anayewaswalisha watu asirefushe swala, kwa kuwa nyuma yake wamo wadhaifu, wazee na wenye haja zao. Ikiwa katika ibada iliyo nguzo ya dini aliye dhaifu anaangaliwa namna hiyo, vipi asiangaliwe katika matembezi ya kuburudisha nafsi? Vilevile tumefundishwa kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa amiri. Akina baba tunaupenda sana uamiri huo, lakini tunaufahamu kuwa ni kutangulia mbele na kutoa amri. Amiri wa safari ya familia mahali pake ni nyuma, pamoja na anayechelewa. Mbele aachiwe kijana mkubwa aongoze njia, naye atafurahi kuaminiwa.

Sasa tuseme namna mpango huo unavyopangwa, tukianzia baharini. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili, na watu huhesabu saa hizo kama mapumziko. Si hivyo kwa kila mtu. Likizo ya Juni huangukia wakati wa kusi, upepo unapokuwa na nguvu na bahari kuchafuka. Mtoto aliyetapika njia nzima hawezi kushuka bandarini na kuanza kuzungushwa mjini. Basi siku ya kuvuka isipangiwe ziara yoyote zaidi ya kufika, kuswali, kula na kulala, na jioni kuketi kidogo ufukweni. Pia kateni tiketi mapema katika ofisi yenyewe, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake.

Jambo la usalama halina mjadala. Hatujasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander I ikielekea Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, wala tarehe 18 Julai 2012, ilipozama MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam kuja Unguja huku bahari imechafuka. Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki. Baba akiona chombo kimejaa kupita kiasi, au ametangaziwa hali mbaya ya bahari, aahirishe safari, hata kama nauli itapotea. Hukumu hiyohiyo inahusu mashua ndogo ziendazo Changuu kuwatazama kobe wakubwa: kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha kabla mashua haijang'oa nanga, na mwenye mashua asiyekuwa nayo tusipande naye.

La pili ni malazi. Wengi hutafuta nyumba ya wageni ya bei nafuu mbali na mji, kisha fedha waliyookoa wakailipa kwa teksi asubuhi na jioni. Mji Mkongwe hutembelewa kwa miguu, kwani vichochoro vyake vingi havipitishi gari. Familia yenye mzee na watoto inafaa ilale ndani ya mji huo, hata kama chumba ni cha kawaida, ili adhuhuri waweze kurudi kuswali na kupumzika mpaka jua lipungue. Aidha wanawake husahauliwa sana katika hesabu zetu. Misikiti ni mingi na adhana husikika kila upande, lakini si kila msikiti una nafasi ya wanawake. Mwanamume huingia msikiti wa karibu akaswali, huku mkewe amesimama nje na watoto, wakati wa swala ukimpita. Malazi yakiwa karibu, shida hiyo huondoka. Na anayetaka kupunguza na kukusanya swala amuulize imamu wake kabla ya kuondoka, kwa kuwa umbali wa safari hutofautiana baina ya mji na mji.

Ama kupotea, kila mgeni hupotea katika vichochoro vile, na hakuna la kuogopa. Mji Mkongwe umezungukwa na bahari kwa upande mmoja, na kwa upande wa mashariki umepakana na barabara kubwa iliyopewa jina la Benjamin Mkapa. Zamani palikuwa na mkono wa bahari hapo, ukivukwa kwa daraja, ndiyo maana mahali pale pakaitwa Darajani na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Ukishika upande mmoja usiuache, utatokea baharini au barabarani. Wafundisheni watoto jambo hilo usiku wa kwanza, kwa kuwachorea katika karatasi, na kila mmoja awekewe mfukoni namba ya simu ya baba na jina la mahali mnapolala. Anayetaka kwenda mashamba au Kizimkazi, daladala zipo kwa nauli ndogo. Lakini mwenye mzee asiyeweza kubanana apatane bei na dereva wa gari kabla ya kuingia ndani. Na papasi wanaowafuata wageni bandarini wajibiwe kwa salamu na shukrani, kisha muendelee na njia yenu bila ya ugomvi.

Tukija katika maeneo yenyewe, ushauri wetu ni mawili kwa siku: moja asubuhi kabla jua halijawa kali, na la pili baada ya Alasiri. Kwa mfano, asubuhi watoto wapelekwe Ngome Kongwe, waelezwe kwamba Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Jioni watembee taratibu hadi Malindi, wautazame msikiti wenye mnara wa umbo la pia, ambao ni nadra katika pwani yetu. Baada ya Magharibi waketi Forodhani, wale mishikaki na kunywa maji ya miwa, bei ikiulizwa kabla ya kuagiza. Kabla ya kumuahidi mtoto jumba lolote, uliza kwanza kama limefunguliwa. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na wapo waliofika wakiwa na picha ya zamani mkononi wakakuta mabati ya uzio.

Lipo eneo moja ambalo tunaomba lipewe asubuhi nzima peke yake, nalo ni Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Hapo leo pana kanisa kuu la Anglikana na maonesho ya historia ya biashara ile. Baadhi ya wazazi hutuuliza kama inafaa kuwapeleka watoto. Tunasema inafaa kwa walioanza kufahamu mambo, kwa sharti kwamba mzazi aseme kweli. Watoto watauliza ni nani waliouza na ni nani waliouzwa. Tusiwafiche kwamba miongoni mwa wafanyabiashara wale walikuwamo watu wenye majina kama yetu, waliokuwa wakiswali kama sisi, na kwamba dini iliyohimiza kuacha huru watumwa haikuwazuia wao kutafuta faida. Aliyekosa ni mwanadamu, na kumtetea kwa uongo mbele ya mtoto ni kosa jingine. Maneno kama hayo hayasemeki huku baba anatazama saa kwa kuwa boti ya Changuu inaondoka. Yanahitaji mahali pa kukaa na mtoto kupewa nafasi ya kunyamaza, kisha kuuliza tena.

Wapo wanaotujibu kwamba nauli ni ghali, kurudi hakuna uhakika, basi kwa nini wasione kila kitu madhali wamefika? Tunaifahamu hoja hiyo, kwani ndiyo iliyokuwa yetu mwaka 2014. Lakini waulizeni watoto waliokimbizwa maeneo 11 wanakumbuka nini. Sisi tuliwauliza wa kwetu. Mmoja alikumbuka joto, na mwingine alikumbuka siku bibi alipopotea. Fedha yetu ilinunua hayo. Tuliporudi tena, miaka mitatu baadaye, tuliona maeneo manne tu kwa siku mbili, na hadi leo wanabishana juu ya waliyoyasikia Mkunazini.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaandika orodha ya maeneo, andika majina ya watakaosafiri. Mbele ya kila jina andika anachokiweza: bibi hutembea kwa muda gani bila kupumzika, mtoto mdogo hulala saa ngapi, mama atapumzika lini kutokana na kazi ya kuwahudumia wengine. Ukimaliza, ipange safari kwa kadiri ya yule aliye dhaifu kuliko wote. Na kama mzazi wako yu hai na anaweza kusafiri, mchukue mwaka huu, usingoje mwingine, kisha tembea ubavuni mwake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape wasafiri wetu usalama wa kwenda na kurudi, na awarehemu wazazi wetu waliotangulia. Amin.