Tazama ukubwa kabla ya rangi

Asante mwandishi wa makala kuhusu spina, chambo cha chuma chenye bapa linalozunguka, ila umesifu rangi mno ukasahau ukubwa. Trauti wa vijito vya Aberdare na Mlima Kenya hula wadudu wadogo. Spina namba 0 au 1 inamtosha, namba 2 mto ukijaa. Itupe kimshazari kuelekea mkondo unakotoka, kisha uivute kwa kasi inayoyashinda maji kidogo tu. Bapa lisipozunguka, huna chambo, una kipande cha chuma. Mshipi nao hujisokota, kwa hiyo funga kiungo kinachozunguka juu ya spina.

Besi wa Naivasha ni mwindaji mwingine kabisa. Asili yake Marekani, akaletwa ziwani mwaka 1929, na huvizia kando ya mafunjo na chini ya gugu maji. Hapo spina ya ndoana tatu hunasa majani kila inapotupwa. Afadhali ile ya waya uliokunjwa, yenye ndoana moja inayotazama juu. Bapa la mviringo hutikisa maji kwa nguvu, hivyo samaki hulihisi hata kwenye tope. Bapa jembamba lafaa maji maangavu na mvuto wa haraka.

Ndugu wavuvi, naomba sana: baneni kijino cha ndoana kwa koleo, ili trauti mchanga arudi mtoni akiwa hai. Na kabla ya kupanda mlimani ulizeni leseni na masharti, maana kuna mito inayoruhusu nzi bandia pekee.